Steringi Ni Nani Hapa?

Wahakiki wa filamu wana vipimo vyao. Wanauliza kama hadithi imesukwa vizuri, kama waigizaji wameuvaa uhusika, kama kamera ilijua pa kutazama. Watu wa pesa nao wana vyao: tiketi ngapi, wiki ngapi ukumbini, tuzo ngapi kabatini. Kuna kipimo kingine ambacho huwa hakiandikwi magazetini, na kwangu mimi ndicho kikali zaidi. Je, kuna mtu amewahi kukesha akishona nguo ya mhusika wako, kwa pesa zake, bila kuombwa na yeyote, halafu akaivaa mchana kweupe ndani ya matatu?

Ukitaka jibu la swali hilo, nenda kwenye kongamano la mashabiki. Nairobi tunayo ya kwetu, Naiccon na Otamatsuri yakiwa kati ya yale yanayojulikana zaidi. Ukiingia kwenye kongamano la aina hii unakuta dunia mbili chini ya paa moja. Ya kwanza ni sakafu. Huko kuna meza za wachoraji wanaouza komiki na vibandiko vyao, kuna vijana wanaotoana jasho kwenye michezo ya video, na kuna watu wa kosplei, yaani wale waliojigeuza wahusika kuanzia wigi hadi kiatu. Ya pili ni jukwaa. Huko kuna viti vilivyopangwa, maikrofoni inayokataa kuwaka, na jopo la watu waliotengeneza filamu, au wanaotaka kutengeneza, wakija kuizungumzia.

Wengi wanadhani mawazo yako jukwaani na mchezo uko sakafuni. Mimi nimehudhuria nikiwa nimevaa vazi, nikakaa nikasikiliza jopo la filamu hadi mwisho, na nikatoka nikiamini kinyume chake. Uhakiki wa filamu siku hiyo ulifanyika sakafuni, na jukwaa lilikuwa limeupa mgongo.

Tuanzie mbali kidogo. Julai 1939, mashabiki wa hadithi za kisayansi walikutana New York katika mkutano unaohesabiwa kuwa Worldcon ya kwanza. Wawili kati yao walifika wamevaa kama watu wa wakati ujao: Forrest Ackerman na Myrtle Douglas. Mavazi yao yalichota kutoka kwa filamu ya 1936, Things to Come, iliyotokana na kitabu cha H. G. Wells, na kutoka kwa michoro ya Frank R. Paul kwenye majarida ya wakati huo. Ackerman alikuja kuwa mtu mkubwa katika ulimwengu huo, na kwa miaka mingi kisa hiki kilisimuliwa kama chake. Aliyebuni na kushona ni Myrtle. Neno kosplei lenyewe lilikuwa bado. Lilizaliwa Japani miaka ya 1980. Lakini kazi ilikuwepo, na tangu siku ya kwanza ilifuata mkondo tunaoujua: mwanamke anashona, mwanamume anapewa sifa.

San Diego Comic-Con, jina ambalo leo kila mtu analitaja akisikia habari hizi, ilianza 1970 kwa mkutano wa siku moja katika hoteli ya U.S. Grant, wapenzi wa komiki wapatao mia moja. Siku hizi inavuta watu zaidi ya 130,000. Ukumbi wake maarufu unaitwa Hall H. Una viti takriban 6,500, na watu hulala nje kwenye foleni ili wapate kuingia. Wanasubiri nini? Mara nyingi wanasubiri filamu ambayo haijatoka. Studio inamleta mwelekezi, inawaleta nyota, inaonyesha dakika chache za picha, ukumbi unalipuka kwa kelele, na kesho yake habari inayosambaa ni habari ya kelele.

Jopo la filamu ni fani, kama vile shairi lilivyo fani, na lina kanuni zake. Kanuni ya kwanza ni kwamba filamu yenyewe haipo. Hakuna ukumbini aliyeiona, kwa hiyo hakuna anayeweza kuuliza swali lenye meno. Yanabaki maswali ya ulijisikiaje, na mlikuwa mnacheka nini mkiwa mnaigiza. Ni shughuli ya washenga. Wamekuja kumsifu bwana harusi kabla bibi harusi hajamwona uso, na ukoo mzima unapiga vigelegele kwa sababu washenga wamevaa vizuri.

Kuna siku jopo linaizidi biashara yake, nakubali. Julai 2022 watengenezaji wa Wakanda Forever walipanda jukwaa la Hall H, Chadwick Boseman akiwa ameaga dunia tangu tarehe 28 Agosti 2020. Baaba Maal, mwimbaji wa Senegal, aliimba pale, na mwelekezi Ryan Coogler akamkumbuka rafiki yake. Kwa dakika kadhaa ukumbi wa matangazo ukawa uwanja wa matanga. Halafu trela ikaonyeshwa, na tukarudi sokoni.

Mwaka ninaoupenda zaidi ni 2017. Lupita Nyong'o alikuwa San Diego na wenzake wa Black Panther, na vipande vya filamu vilionyeshwa Hall H. Baada ya hapo aliweka mtandaoni video ya mtu aliyevaa kama Pink Ranger, yule wa Power Rangers, kofia imefunika kichwa kizima. Mtu huyo anazunguka sakafuni, anacheza, anafurahia maisha yake, na watu wanampita bila habari. Alikuwa Lupita mwenyewe. Tafakari hapo kidogo. Huyu ni mtu ambaye akipanda jukwaani ukumbi mzima unasimama. Ana tuzo ya Oscar. Na alipotaka kulionja kongamano alishuka chini, akafunika uso ule ambao kampuni za vipodozi hulipia, akawa shabiki kama mimi na wewe. Nadhani alijua kitu ambacho majopo yetu hayajajua.

Black Panther yenyewe ni mtihani mzuri wa kipimo nilichotaja, kwa sababu ni filamu inayozungumza kwa nguo. Ruth E. Carter, aliyebuni mavazi yake, alishinda Oscar ya mavazi mwaka 2019, mwanamke Mweusi wa kwanza kuipata, kisha akashinda tena 2023 kwa Wakanda Forever. Malkia Ramonda anavaa kofia iliyotokana na isicholo ya Wazulu. W'Kabi anajifunika blanketi la Wabasotho. Wale askari wa kike, Dora Milaje, wana wekundu na shanga za Wamaasai, na shingoni pete za Wandebele. Februari 2018 filamu ilipozinduliwa Kisumu, babake Lupita, Profesa Anyang' Nyong'o, akiwa gavana, utamaduni ulioondoka huku vipande vipande ulirudi ukiwa umeshonwa pamoja. Tukalipa tiketi kuutazama.

Basi nilipoamua kuvaa, niliamua kuwa Okoye, jenerali wa Dora Milaje. Kichwa nilikuwa nimeshanyoa kwa sababu zangu. Michoro ya kichwani ningeichora kwa wanja. Nguo nyekundu ya kubana ilitoka Gikomba, shilingi mia mbili baada ya kubishana. Mkuki ulikuwa mpini wa mopu. Silaha za mabegani nilizikata kutoka kwa yale mazulia ya sponji ya watoto wa nasari, yanayoungana kama fumbo, kila kipande na herufi yake. Ukiligeuza bega langu la kushoto upande wa ndani utakuta herufi B, kubwa, ya bluu. Usiku nilipokuwa nikiyachemsha yale masponji kwa pasi ili yajikunje, niliitazama ile filamu mara tano. Sikuwa naifuata hadithi. Nilikuwa naisimamisha, naikuza, nahesabu mishono. Niligundua kwamba pete za Okoye ni za dhahabu na za wenzake ni za fedha, jambo ambalo ukumbini lilinipita kabisa. Cheo chake kimeandikwa shingoni.

Zikabaki shanga. Nikaenda Maasai Market, kwa mama mmoja aliyetoka Kajiado. Nilipomwambia nataka mkanda wa kifuani alidhani nina ruracio. Nikamwonyesha picha ya Okoye kwenye simu. Aliishika, akaikuza kwa vidole viwili, akakaa nayo kimya.

"Hii rangi ni yetu," akasema. "Hii ya shingo si yetu. Na hizi shanga… huyu ameolewa ama bado?"

"Ana mchumba, mama. Lakini watakuja kukosana kwenye vita."

"Hiyo haijaandikwa hapa." Akanirudishia simu. "Hapa wameweka tu rangi."

Nimesoma sifa nyingi za mavazi yale, na nyingi nakubaliana nazo. Lakini uhakiki wa sekunde thelathini aliounena mama yule sijaukuta kwenye gazeti lolote. Kwake shanga ni maandishi. Zinasema wewe ni wa rika gani, umeolewa au la, umetoka kwa nani. Filamu ilichukua hati nzuri ikaitumia kama pambo, jinsi mtu anavyovaa fulana yenye maneno ya Kijapani ambayo hawezi kuyasoma. Unaweza kumjibu, na mimi nilijaribu kimoyomoyo, kwamba Wakanda ni nchi ya kubuni na huenda shanga za huko zina sarufi yake. Sawa. Ila filamu haikutufundisha sarufi hiyo. Cheo cha Okoye tunaweza kukisoma kwenye pete. Maisha yake kwenye shanga hatuwezi. Na hilo linagusa udhaifu halisi wa hadithi: mapenzi yake na W'Kabi ni muhimu sana mwishoni, pale vitani, na hatukuwa tumeandaliwa vya kutosha kuyabeba.

Mama aliniuliza umri wangu. Akaniuliza kama nimeolewa. Akanitengenezea mkanda, na nilipoenda kuuchukua akanieleza unasema nini. Kwa hiyo Okoye niliyemvaa mimi alikuwa na kifua kinachosomeka, ingawa habari zenyewe zilikuwa zangu. Hapo ndipo nilipoelewa kosplei ni kitu gani. Unaichukua filamu, unaifungua mishono, unakutana na tundu lililoachwa wazi, na unaliziba kwa ulichonacho nyumbani.

Siku yenyewe makanga aliniuliza kama mkuki nao una nauli. Mlinzi langoni aliukagua, akajaribu ncha kwa kidole, akaridhika kwamba ni sponji. Ndani, sikufika hatua kumi kabla msichana mdogo hajakunja mikono kifuani na kunipigia saluti ya Wakanda. Nikairudisha. Kuanzia hapo jina langu lilipotea. Nikawa "Jenerali" hadi jioni.

Sakafu ile ingemfaa mhariri yeyote wa kurasa za filamu. Kulikuwa na kijana aliyevaa kama Miles Morales, yule Spider-Man wa Brooklyn, lakini juu ya vazi alikuwa amevaa sweta ya shule ya upili, viwiko vimechanika. Nikamuuliza, mbona sweta? Akanijibu bila kusita kwamba Miles wa Nairobi angekuwa Form Three, na angekuwa anaokoa jiji mchana kwa sababu ametumwa nyumbani karo. Huyo kijana ameielewa Into the Spider-Verse kuliko wengi walioiandikia. Ile ni filamu kuhusu mtoto wa mtaani aliyepata nafasi kwenye shule ya wenye nacho na hajui kama anastahili kuwa pale. Yeye ameisema yote kwa sweta. Kando yake walisimama Naruto kama wanane, weusi wote, wengine warefu, mmoja mnene, mmoja akiwa na kijiti cha mguu, na hakuna aliyewauliza kama wanafanana na mchoro. Mitandaoni, shabiki mweusi akivaa mhusika wa anime hukosi wa kumwambia kwamba rangi yake imeharibu. Kwetu hoja hiyo haina pa kusimama. Kila Naruto pale alikuwa tafsiri, na tafsiri hujadiliwa kwa ubora wake.

Jopo la filamu lilikuwa saa tisa. Nilichelewa kidogo, nikaketi nyuma, mkuki kati ya magoti. Jukwaani walikuwa watu wanne wa fani: mwelekezi, mtayarishaji, mwandishi wa miswada, na dada mmoja wa mavazi. Mada ilikuwa kama Kenya inaweza kutengeneza filamu za mashujaa. Yalisemwa yale ambayo huwa yanasemwa. Bajeti ni ndogo. Wafadhili wanataka hadithi za aina fulani. Kumbi za sinema ni chache na ziko kwenye maduka makubwa. Na mwisho likaja lile la kila mwaka: Wakenya hawapendi filamu zao.

Lilisemwa mbele ya ukumbi uliojaa watu waliotumia wiki nzima kupaka sponji rangi kwa ajili ya filamu.

Ndipo kijana aliyevaa kama Luffy, kofia ya ukili na utepe mwekundu, akapewa maikrofoni. Swali lake lilikuwa moja. "Mimi nikitaka kuvaa mtu wa filamu yenu mwaka ujao, nivae nani?"

Watu wakacheka, jukwaani pia. Halafu kicheko kikaisha na hakuna aliyekuwa na jibu. Mwelekezi akarudi kwa bajeti. Dada wa mavazi ndiye aliyejaribu kwa dhati. Alieleza kwamba huwavisha wahusika kutoka mitumbani kwa sababu pesa hakuna, kwa hiyo wanafanana na watu wa barabarani, na mtu wa barabarani utamvaaje? Nikamhurumia, kwa sababu alikuwa mkweli. Lakini sikubaliani naye. Nilikuwa nimevaa nguo ya mia mbili na mpini wa mopu. Pesa peke yake haiwezi kuwa maelezo.

Tena jibu la swali la Luffy lipo, na lina miaka mingi. Supa Modo ya Likarion Wainaina, iliyoonyeshwa Berlin mwaka 2018 na kisha ikawakilisha Kenya kwenye mbio za Oscar, ni filamu kuhusu kosplei, japo sijaona ikiitwa hivyo. Jo ni msichana wa miaka tisa, ni mgonjwa na hatapona, na anaota kuwa shujaa. Dada yake Mwix anaanza kumshawishi kwamba ana nguvu, na kidogo kidogo kijiji kizima kinaingia kwenye mchezo. Mwishowe wanaamua kumtengenezea filamu ambayo yeye ndiye steringi. Tunachotazama ni jamii nzima ikikubaliana kumwita mtoto kwa jina la mhusika wake, sawa na watu wasionijua walivyokubaliana kuniita Jenerali. Nguvu ya Jo haiko kwenye kepi. Iko kwa majirani wanaokubali kuganda pale anapowaamuru wagande. Filamu inajua pia gharama ya mchezo huo: mama yake, mkunga aliyezoea kuwapokea watoto wanaoingia duniani, anaukataa mwanzoni kwa sababu anajua mchezo hauponyi. Anapokuja kukubali, anakubali akijua hivyo, na ndiyo maana inauma.

Rudi nyuma zaidi, kwa Nairobi Half Life ya Tosh Gitonga, 2012. Tunakutana na Mwas kijijini akiuza filamu kwa kuziigiza. Mteja anapata onyesho kabla ya kupata kanda. Mwas anabadilisha sauti, anaruka, anakufa, anafufuka, na hana hata vazi moja. Kabla ya kuwa mhalifu na kabla ya kuwa mwigizaji, alikuwa shabiki, na ushabiki wake ndio chuo chake.

Na nyuma ya Mwas kuna kibanda cha video chenyewe. Waliokulia mtaani wanakijua: mabenchi ya mbao, pazia zito mlangoni, filamu ya Kichina au ya Kihindi, na juu yake sauti ya DJ Afro akisimulia kwa Kiswahili na Sheng, akiwapa wahusika majina mapya, akimcheka jambazi, akikuonya kabla ngumi haijafika. Ukichelewa kuingia, kabla hata ya kutafuta pa kuketi, ulimnong'oneza jirani: steringi ni nani? Swali hilo ndilo lilikupa ramani ya filamu nzima. DJ Afro alikuwa jopo la mtu mmoja, mwenye kanuni tofauti kabisa na za Hall H. Yeye alizungumza filamu ikiwa inaendelea, mbele ya watu wanaoiona, na akisema uongo ukumbi mzima unajua. Hakuuza kilicho mbele. Alifasiri kilichopo.

Kwa hiyo tunapoambiwa kosplei ni kitu cha kuletwa, utoto wa watu wa Japani na Marekani uliotua Nairobi kwa intaneti, mimi nauliza tumesahau nini. Mavazi yameletwa, ndiyo. Tabia ya kuichukua filamu ya mtu na kuitia mwilini mwako tulikuwa nayo.

Sasa mbona sikumwona Jo hata mmoja pale sakafuni? Nina jibu, na lilinijia nikikumbuka usiku ule wa pasi na sponji. Huwezi kumshona mtu uliyemwona mara moja. Shabiki wa Naruto ameishi naye kwa mamia ya vipindi. Mimi nilikuwa na Okoye kwenye kompyuta, namsimamisha ninapotaka. Filamu ya Kenya kwa kawaida inazaliwa kwenye tamasha ng'ambo, inakuja nyumbani kwa siku chache ukumbini, inasifiwa, inapotea. Miaka inapita kabla hujajua utaipata wapi kihalali. Tunawadai watu wapende kitu ambacho hawawezi kukirudia, na mapenzi ya filamu yanajengwa kwa kurudia. Kibanda cha video kililijua hilo. Kanda ileile ilichezwa hadi watu wakawa wanayasema maneno kabla ya mwigizaji.

Sidai kila filamu ishonwe. Kuna hadithi nzuri ambazo haziachi nguo nyuma yake, na mwelekezi anayeanza kumbuni mhusika kwa kuwaza kofia atakayouza atatuletea mwanasesere. Najua pia sakafu ina ujinga wake. Kuna vazi lililoagizwa zima kutoka mtandaoni na mwenyewe hajui mhusika anaitwaje. Kuna majaji wa mashindano wanaopima gharama badala ya wazo, na siku ile sweta ya Miles haikushinda kitu. Kuna wanaume wanaodhani msichana akivaa vazi amewapa ruhusa ya kumshika. Sakafu si mbinguni.

Lakini ndiko waliko watazamaji ambao jukwaa linalalamika hawapo. Kama ningepewa ratiba ya kongamano lijalo niipange, ningeanza na jambo dogo: filamu ionyeshwe kwanza, nzima, ndipo jopo likae. Mwelekezi aje na picha za mavazi kutoka kila upande, azigawe bure. Dada wa mavazi apewe saa yake peke yake, na meza, na mkasi, atufundishe alivyomvisha mhusika wake kwa mitumba, kwa sababu hicho anachokionea haya ndicho tunachotaka kujua. Na swali la kwanza la jopo waulize wao, watuulize sisi: mliona nini?

Luffy bado hajajibiwa. Mwaka ujao atarudi, maana watu kama yeye hurudi, na atakuwa amevaa mtu fulani. Kama atakuwa mtu wetu, kuna mtengenezaji filamu mahali atakayepita mlangoni, akutane na mhusika wake mwenyewe akimjia kwa miguu, ameshonwa vingine, ana sweta ambayo hakumpa, ana shanga zinazosema habari ambazo hakuziandika. Huo utakuwa uhakiki wake. Ningemshauri ausome polepole, kuanzia mishono.